Bega la Baba na Bunduki ya Kamati

Kamati ya bunduki iliundwa kanisani, katika chumba cha chini tunachonywea chai baada ya ibada, na baba yangu hakuiomba. Alikuwa amesema tu, kikombe mkononi, kwamba mjomba wangu aliyehamia Colorado ametualika mimi na yeye twende tukawinde elki mwezi wa kumi, kwamba vibali vimeshatoka, na kwamba sasa anatafuta bunduki. Angesema anatafuta viatu, watu wangemwacha atafute. Lakini sisi Wakenya ukitaja jambo kubwa mbele ya watu zaidi ya wawili, mwenyekiti anapatikana kabla chai haijapoa.

Akapatikana. Ni mzee mmoja ambaye zamani, nyumbani, alikuwa askari wa wanyamapori, na hapa Marekani analinda maegesho ya magari Arlington, ndani ya kibanda cha vioo. Alisimama, akanyoosha koti, akauliza elki hasa ni mnyama wa namna gani. Baba akamwambia ni wa jamii ya kulungu, ila dume lake ni zito karibu kama farasi, na pembe zake ni kama matawi ya mti uliokauka.

"Basi huyo ni pofu, yule swala mkubwa wa kwetu, aliyevaa koti la baridi," Mwenyekiti akasema. "Na pofu humwendei na kijiti, Daktari."

Baba si daktari. Anatunza wazee majumbani mwao. Anawaogesha, anawalisha, asubuhi anawainua kutoka kitandani kuwaweka kwenye kiti, jioni anawarudisha. Lakini kanisani kwetu yeyote anayeonekana na nguo za hospitali ni daktari, na yeye amechoka kuwasahihisha.

Mjumbe wa pili alikuwa shemasi wetu, Mkongomani mnene mwenye kicheko cha karibu. Yeye alisema hajawahi kushika bunduki maishani na anamshukuru Mungu kwa hilo, halafu akatoa ushauri. "Bunduki iko kama motokari, papa. Ukikamata kadogo, kesho utarudi kukamata kengine."

Ikapitishwa: baba anunue magnum, ile wanayoiita mia tatu, kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote ambazo wajumbe walikuwa wamewahi kuzisikia. Na juu yake iwekwe darubini, nayo iwe kubwa, ya kuona, Mwenyekiti alisema, mpaka mbinguni. Watu wakapiga makofi. Baba naye akapiga makofi, polepole, mikono ikiwa chini karibu na tumbo. Hakuna aliyeuliza bunduki hiyo itaegemezwa kwenye bega la nani.

Mimi bega hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Mwezi wa tano mzee mmoja anayemtunza aliteleza bafuni, baba akamdaka kabla hajafika chini, na kitu fulani ndani ya bega la kulia kikachanika. Alinieleza hivyo tu: kitu fulani. Hakuandikisha kazini. Angeandikisha, wangemsimamisha mpaka alete karatasi ya daktari wa kweli, na saa zake zingepewa mtu mwingine. Kwa hiyo akawa anainua wazee kwa mkono wa kushoto na kwa mgongo, na mimi jioni namvua sweta kama anavyovuliwa mtoto, kichwa kwanza, kisha mkono mzima, kisha ule mgonjwa, nikimpaka dawa ya kuchua inayonuka mpaka kwenye mapazia. Mama alijua linauma. Hakujua kwamba mkono ule haupandi tena kupita kifua. Mama hufanya zamu za usiku katika nyumba ya wazee kule Adelphi, na yeye na baba hupokezana mlangoni kama wachezaji wa akiba, huyu anatoka uwanjani, huyu anaingia. Ni rahisi kumficha bega mtu mnayeonana naye mlangoni.

Sina budi kusema pia kwa nini nilikubali kwenda kuwinda, mimi ambaye nikiagizwa kununua pizza kwa simu naandika kwanza nitakachosema. Nilikubali kwa sababu baba aliniomba huku akiangalia friji. "Itakuwa mimi na wewe tu," aliiambia friji. "Mjomba wako atatuonyesha njia, halafu tutakaa kimya siku nzima." Hii aibu yangu nimeirithi kwake. Tukasoma pamoja yale masomo ya usalama wa wawindaji, tukafaulu wote wawili, yeye akiwa amesinzia nusu ya masomo.

Baada ya kikao kile cha chai nikaanza kusoma habari za bunduki. Sikusomea shuleni. Shuleni kwetu neno lenyewe huwezi kulitamka. Kuna siku tunafungiwa darasani kwa mazoezi ya kujificha, mtu mwenye bunduki asije akavamia shule, taa zinazimwa, tunakaa sakafuni chini ya madirisha tukiwa tumeshikilia simu zetu, tunajifunza namna ya kutosikika. Mimi katika zoezi hilo ni hodari bila kujitahidi. Basi mtu anatoka kwenye zoezi kama hilo saa nane mchana, anapanda basi mpaka maktaba ya mtaani hapa Springfield, anakaa kwenye kompyuta ya pembeni kabisa, anasoma ni risasi gani inafaa kumwangusha mnyama mzito. Nilikuwa najisikia kama watu wawili wasiosalimiana. Nilikuwa naigeuza kompyuta kidogo kila mtu alipopita nyuma yangu.

Nilichokielewa ni hiki. Risasi nyingi huitwa kwa upana wake, lakini upana peke yake hausemi kitu, kinachosema ni baruti iliyo nyuma yake. Baruti ikiwa nyingi risasi inaenda kasi na mbali, ila kile inachokitupa mbele inakirudisha pia nyuma, na nyuma hapo kuna bega la mtu. Magnum ya mia tatu inarudisha pigo karibu mara mbili ya risasi ya milimita saba yenye ganda fupi. Na hiyo ya milimita saba, ikiwa na kichwa cha shaba kisichopasuka ovyo, na mtu asipojitia kupiga kutoka mlima wa ng'ambo, inamuua elki vizuri kabisa. Elki hasomi namba iliyoandikwa kwenye boksi. Anakufa akipigwa nyuma tu ya mguu wa mbele, kwenye mapafu, na mtu anayeogopa bunduki yake hapapigi hapo. Darubini nayo, haina kazi ya kuona mbinguni. Ile kubwa sana ni nzito, na ukiikuza mno unaona manyoya bila kujua ni ya mnyama yupi. Unataka ya wastani, yenye vioo safi, inayokusanya mwanga wa alfajiri. Na jicho likae nyuma yake kwa upana wa kiganja, kwa sababu bunduki ikiruka darubini inaruka nayo.

Nilimwambia baba haya jikoni, akila ugali uliopoa kabla ya zamu. Niliyasema haraka, kwa mpangilio, kwa sababu nilikuwa nimeyafanyia mazoezi.

"Nimesikia," akasema.

"Basi tununue hiyo ya milimita saba."

"Na kamati?"

"Kamati itakaa chini tena."

"Mama, wewe hujui watu." Ananiita mama akiwa amechoka. "Nikimwambia Mwenyekiti nataka ndogo, ataniuliza kwa nini. Nikimwambia ni bega, Jumapili nitaitwa mbele niombewe. Jumatatu watakuja hapa na sufuria za pilau. Na yule dada wa kwaya anafanya kazi ofisini kwetu. Jumanne nitaitwa."

"Lakini hiyo kubwa itakumaliza."

"Bega ni la kazi. Kuwinda ni siku chache tu."

"Ni bega lilelile, Baba."

Aliosha sahani yake kwa mkono wa kushoto, akaiweka kwenye kitu cha kukaushia, akaenda kazini.

Jumamosi iliyofuata tukaenda kwenye kiwanja cha shabaha, nje ya mji upande wa magharibi, mahali ambapo duka na uwanja viko pamoja na unaweza kukodi bunduki uijaribu kabla ya kununua. Wajumbe walikuja, kwa sababu kamati haiwezi kununua kitu ambacho haijakiona. Mwenyekiti alikaa mbele, amevaa kofia yake ya zamani ya uaskari. Njia nzima alisimulia nyati waliowahi kumkimbiza. Shemasi alikuwa nyuma na mimi, ameshika mfuko wa maandazi magotini.

"Weye ndiye utabeba nyama?" akaniuliza.

Nikatabasamu tu, ndivyo ninavyojibu watu.

Kijana wa dukani alikuwa na mafua na hamu ndogo ya kuishi. Baba alipoitaja magnum alimtazama, akapiga chafya, akaishusha. Ikafungwa darubini ndefu kama mkono wangu, moja ya zile wanazowafungia wateja wa kujaribu. Tukavishwa vile vizuizi vya masikio, vile vikubwa vya kufunika, na kuanzia hapo kila mtu akawa anazungumza kwa kupiga kelele.

Uwanja ni paa refu lenye meza, na mbele yake nyasi, na mwisho wa nyasi ukuta wa udongo wenye karatasi za shabaha. Baba akakaa mezani. Kijana akamwonyesha bunduki inavyolala kwenye mfuko wa mchanga, kitako kinavyobanwa begani, kibanwe kabisa, akasema, kama unavyomkumbatia mtu unayempenda. Baba akaitikia. Kisha nikaona asichokiona mtu mwingine. Hakukibana. Aliacha nafasi ndogo, upana wa kidole, kati ya kitako na bega, kama vile unavyokaa mbali kidogo na mtu mwenye kidonda. Na ili jicho lifike kwenye darubini, akasogeza kichwa mbele.

Nilijua kitakachotokea, nilikuwa nimekisoma. Maneno niliyataka yawe mawili tu, *Baba, ngoja*. Nikaanza kuyapanga kichwani. Siku zote nayapanga kwanza.

Bunduki ikalia. Hata na masikio yaliyofunikwa niliisikia kwenye meno. Ikaruka nyuma, ikavuka ile nafasi ya kidole, ikampiga begani kwa kishindo, na ukingo wa darubini ukamkata juu ya nyusi.

"Eeeh!" Mwenyekiti alipiga paja. "Elki amekupiga kabla hujamwona!"

Shemasi alicheka pia, kisha damu ikaanza kushuka kando ya pua ya baba, wakaacha wote wawili. Ilikuwa alama nzuri ajabu, ya duara nusu, kama mwezi mchanga. Kijana wa dukani alikuja na kitambaa bila haraka. Akasema huwa wanaona hiyo kila wiki.

"Tena," baba akasema.

"Pumzika kwanza, Daktari."

"Nimesema tena. Niliishika vibaya."

Akajaza risasi nyingine. Akaweka mkono wa kushoto mbele. Kisha ule wa kulia ulipaswa kupanda kufikia kifyatulio, na haukupanda. Ulifika usawa wa kifua ukasimama. Baba akauangalia. Akachomoa mkono wa kushoto, akaupitisha chini ya kiwiko cha kulia, akauinua polepole na kuuweka mahali pake. Ndivyo anavyowainua mikono wale wazee anapowavisha mashati. Nimemwona akifanya hivyo, aliwahi kunipeleka kazini shule ilipofungwa kwa theluji.

Mwenyekiti hakuwa anacheka tena. Aliinama. "Mkono una nini, Daktari?"

Baba aligeuza kichwa. Aliniangalia mimi. Watu wakisimulia mambo kama haya husema macho yalikuwa yanaomba msaada. Ya baba hayakuomba kitu. Yalikuwa macho ya mtu aliyesimama kituoni basi la mwisho likiwa limepita, anafikiria tu ni upande gani aanze kutembea.

"Hiyo bunduki ni yangu," nikasema.

Nilidhani nimenong'ona. Kumbe kwa sababu ya vile vya masikioni nilikuwa nimepiga kelele, na meza ya tatu, ya tano, mpaka ile ya mwisho kabisa, wazungu wenye ndevu wakageuka kunitazama. Nikahisi uso unawaka. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na sikujua namna ya kuacha.

"Mimi ndiye nitakayempiga elki. Baba alikuwa ananijaribia. Na ni kubwa kwangu. Itanivunja. Mimi nataka ya milimita saba, ile yenye ganda fupi, na darubini ya kawaida."

"Wewe?" Mwenyekiti akasema. "Wewe ambaye miaka minne nakusalimia na sijawahi kusikia jibu?"

"*Mais*, lakini leo amejibu," Shemasi akasema. "Mpaka mie nimesikia, na masikio nimefunga."

Mwenyekiti alinitazama, akamtazama baba, akautazama ule mkono uliolazwa kwenye bunduki kama kitu kilichosahauliwa. Kisha akavua kofia, akaiweka mezani, na kwa sauti ya mkutano akatangaza kwamba kamati imepata taarifa mpya ambayo haikuwa nayo katika kikao cha kwanza, na kwamba mwindaji ni mtoto wa kike mwenye mwili mdogo. Kuna anayeleta hoja?

"Naleta," Shemasi akasema.

"Kuna anayeunga mkono?"

Tulikuwa wanne na mmoja anakausha damu ya nyusi kwa kitambaa. Nikanyoosha mkono.

"Imepita. Huyo kijana mwenye mafua alete hiyo ndogo."

Kwa hiyo nikalazimika kupiga. Hilo sikuwa nimelifikiria. Unapodanganya mbele ya kamati, kamati inabaki kuangalia. Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la baba, nikabana kitako begani, nikaacha upana wa kiganja mbele ya jicho. Karatasi ilionekana wazi, karibu kuliko nilivyotegemea. Nikapumua nje. Pigo lilikuja kama mtu anayekusukuma kwenye foleni, si zaidi. Risasi ya kwanza ilienda kwenye udongo. Zile zilizofuata zikatoboa karatasi, chini kidogo na kushoto, zikiwa zimekaa jirani. Sikufurahi. Nilisikia harufu ya baruti na nikataka kwenda nyumbani.

"Huyo pofu asitegemee ukimya wako," Mwenyekiti akaniambia. Ndiyo sifa niliyopata.

Bunduki ikanunuliwa, kwa jina la baba kama sheria inavyotaka, pamoja na darubini ya wastani. Tulipotoka dukani baba alikuwa ameshika boksi kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa umeshika kitambaa. Mwenyekiti akalichukua lile boksi kutoka mkononi mwake bila kusema neno, akatangulia nalo garini. Hakuuliza tena habari za mkono, wala siku ile wala baadaye. Njiani kurudi hakusimulia nyati hata mmoja. Shemasi aligawa maandazi.

Tulipowashusha wote wawili, tukabaki mimi na baba, taa za magari ya barabara kuu zikiwa zimesimama mbele yetu kwa maili nzima.

"Umelidanganya kanisa zima," akasema.

"Nimewadanganya watu wawili."

"Hao wawili ndio kanisa zima."

Nikamwambia si uongo kama nitapiga kweli, na kwamba sasa nitapiga, sina njia nyingine. Halafu nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimelifanyia mazoezi. Nilimwambia mimi naweza kumsaidia bunduki, lakini wale wazee siwezi kumsaidia kuwainua. Na siku moja mkono utagoma namna ile ukiwa chini ya kwapa la mtu, bafuni, na huyo mtu ataanguka. Nilisema nikiangalia dirisha. Magari yakasogea kidogo, yakasimama tena.

"Ataanguka," baba akasema baadaye, kama anayerudia hesabu ya mtu mwingine na kukuta ni sahihi.

Jumapili hakwenda kanisani, kwa sababu ya uso. Jumatatu asubuhi nilipoamka alikuwa amekaa jikoni, amevaa tayari nguo za kazi na viatu, bandeji juu ya nyusi, simu sikioni. Mama alikuwa bado hajarudi. Baba alikuwa anatumia ile sauti yake ya Kiingereza cha ofisini, nyembamba na ya heshima kupita kiasi. Alisema jina lake kamili. Alisema yuko na tatizo la bega. Alisema ndiyo, ni la kazini. Ndiyo, tangu mwezi wa tano. Wakamwambia asubiri, nikasikia muziki mdogo wa kusubirisha watu, nao ulicheza mpaka maji ya chai yakachemka nikayazima. Kisha sauti ya mwanamke, ndefu, na baba akiitikia, akiitikia.

Alikata simu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Wamesema nisiende leo."

"Na kesho?"

"Mpaka daktari aandike." Akajaribu kucheka. "Daktari mwingine, si mimi."

"Na Mama?"

"Nitamwambia akifika. Usiondoke kwanza."

Nilimwambia siondoki. Akainama avue viatu, akashindwa kufungua kamba kwa mkono mmoja, nikapiga magoti nikamfungulia. Nilipovua cha kwanza alikuwa anasema kitu kuhusu saa, nani atapewa saa zake, yule mzee atamkubali mgeni kweli. Nilipofika kwenye cha pili alikuwa kimya. Nikainua macho. Amelala, kichwa ukutani, mdomo wazi, mikono yote miwili imelegea mapajani. Nikakiacha kile cha pili mguuni, nikakaa pale pale sakafuni, nikisikiliza gari la Mama.